Kabula Alipolazwa Katika Baridi

Mke wangu Kabula anawajua ng'ombe kuliko mimi. Yeye ni Msukuma. Baba yake alihamia Katavi na mifugo wakati Kabula bado anabebwa mgongoni, naye alijua kuswaga maksai kabla hajajua kusoma. Mimi Paskali ni Mpimbwe, kwetu tunajua mpunga. Tulipooana na kujenga Misunkumilo, pembeni kidogo ya mji wa Mpanda, kazi zilijigawa zenyewe: shamba langu, ng'ombe wake. Siku ya ajali yeye ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya tela, mimi natembea nyuma kuangalia magunia yasidondoke.

Ilikuwa mchana, mavuno yanaelekea mwisho. Pikipiki ilikuja kwa kasi kutoka nyuma yetu, ikapiga honi ikiwa karibu kabisa na sikio la ng'ombe wa kulia. Wale maksai wakaruka nje ya njia. Gurudumu likapanda kichuguu, tela likalala upande, na Kabula akarushwa. Kichwa chake kilipiga chuma cha gurudumu. Nilipomfikia alikuwa anakoroma kama mtu mwenye usingizi mzito, na mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili. Damu haikuwa nyingi. Nakumbuka nilijipa moyo kwa hilo. Nilikuwa sijui kwamba kichwa kinaweza kuumia vibaya sana kwa ndani, juu pakabaki mkwaruzo tu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amekaa nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, ameshika mfuko wenye kanga na ndala za mgonjwa wake, hajui aombe nini. Mimi si daktari. Sitaeleza ubongo unavyofanya kazi kwa sababu sijui. Nitaeleza tulivyopita.

Pale Mpanda walimwekea mashine ya hewa, wakamfunga shingo isicheze, wakampiga picha ya kichwa. Daktari kijana akaniambia bila kuzunguka kwamba damu imevuja ndani, ubongo unavimba, na anatakiwa kwenda Mbeya haraka. Alfajiri tukawa kwenye gari la wagonjwa tunaelekea Mbeya kupitia Sumbawanga. Mtoto wetu Agnesi, wa darasa la pili, nilimwacha kwa dada yangu Yustina. Njia nzima nilikuwa nimeshika kisigino cha Kabula, maana ndicho nilichoweza kukifikia. Muuguzi aliyetusindikiza hakuongea sana, lakini kila gari lilipopita kwenye makorongo aliweka viganja vyake pande mbili za kichwa cha Kabula, kama mtu aliyeshika yai. Sikumuuliza jina, na leo najuta kwamba sikumuuliza.

Mbeya walimpasua siku ileile, wakatoa damu. Nikadhani yamekwisha. Kesho yake daktari wa wodi ile, mama mmoja mfupi wanayemwita Daktari Neema, alinikuta kwenye benchi. Hakunisemesha akiwa amesimama. Alikaa.

"Baba, damu tumeitoa. Lakini ubongo bado unazidi kuvimba, na dawa za kawaida peke yake hazitoshi."

Nikasogea nimsikie vizuri.

"Tunataka kufanya mambo mawili kwa pamoja. Tutampoza mwili mzima, ashuke chini ya joto la kawaida la binadamu. Halafu tutampa dawa: za kumlaza usingizi mzito, za kupunguza uvimbe, na za kuzuia mwili usitetemeke. Tunataka ubongo utulie, usidai kitu, wakati unajaribu kupona."

"Atapona?"

"Sijui. Wapo waliopozwa wakaamka, wapo waliopozwa hawakuamka. Na baridi yenyewe ina hatari zake, kifua kinaweza kushambuliwa. Siwezi kukuficha. Ila kwa hali aliyonayo, angekuwa mdogo wangu, ningejaribu."

Swali lililonitoka lilikuwa la kijinga, lakini ndilo nililokuwa nalo. "Atasikia baridi?"

Akanitazama vizuri. "Hapana, baba. Hatasikia. Hiyo ndiyo kazi ya dawa ya usingizi."

Nikakubali.

Mtu wa Mpanda akifika Mbeya mwezi wa sita anaelewa kwamba kwao hakuna baridi. Nilikuwa na shati la shambani na koti la kuazima. Kwenye benchi letu palikuwa na mama wa Tukuyu ambaye mwanawe alianguka kutoka kwenye jengo, naye alikuwa kitanda kilichofuatana na cha Kabula. Aliniangalia ninavyotetemeka, akafungua kifurushi chake, akanirushia blanketi. "Chukua, kijana. Wagonjwa wako ndani, sisi huku nje tusije tukawa wagonjwa wengine." Kuanzia hapo tulikunywa chai yake kwa zamu kwenye kikombe kimoja cha chupa ya chai. Hatukuongea habari za vichwa. Tuliongea habari za ndizi na mpunga, na mbolea ipi inadanganya.

Siku ya kwanza waliponiruhusu kuingia, nilisimama mlangoni nikidhani nimekosea kitanda. Nywele zake zote zimenyolewa. Uso umevimba mpaka kope zimefunikana. Chini yake na juu yake kulikuwa na magodoro membamba yanayopitisha maji ya baridi kwa mipira, na mashine pembeni inanguruma kama jokofu la dukani. Nikamgusa mkono. Ulikuwa baridi kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Muuguzi mmoja, Sista Atu, akaniambia, "Ongea naye." Nikasema, "Kabula, mpunga umeshaingia ndani wote." Haikuwa kweli. Majirani walikuwa bado wanaubeba.

Kisha akaja mama mkwe.

Lazima nieleze hapa. Mama Luhende, mama yake Kabula, ni mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijawahi kukaa naye kiti kimoja. Kwa desturi za kwao, na hata kwetu kwa kiasi, mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, hali naye, akimwona njiani anapisha. Tulikuwa tunasalimiana kwa mbali, mimi nimeinamisha kichwa, yeye amegeukia pembeni. Siku hiyo alishuka kwenye basi amejifunga shuka zito, miguu imejaa vumbi la Katavi, akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi na kusimama mbele yangu.

"Mkwe, mwanangu yuko wapi?"

Nilimweleza habari ya kupozwa, lakini nilieleza vibaya, nikiwa nimeangalia chini, kwa maneno machache ya heshima. Aliingia peke yake. Hakukaa sana. Alipotoka, uso wake ulikuwa umekauka.

"Amekufa," akasema.

"Hapana, mama. Madaktari wame..."

"Nimezaa watoto, nimezika watoto. Naujua mwili wa maiti. Wamemfunika mipira ili tusijue. Nimemfunika shuka langu, yule dada akalitoa. Mtu mzima mgonjwa, unamtoa shuka? Mkwe, hawa watu wanakuchezea."

Kabla sijajua niseme nini, alishatoa simu na kumpigia mwanawe mkubwa Luhende. Aliongea Kisukuma, lugha ambayo mimi siisikii, lakini kilio hakihitaji mkalimani.

Habari ilifika Misunkumilo haraka kuliko basi lolote. Yustina akanipigia akiwa analia. "Kaka, kwa nini umetuficha? Turubai limeshafungwa. Watu wa kwao wako njiani, Luhende anatafuta gari la kufuata mwili."

"Yustina, hajafa. Mpe simu Agnesi."

Nilisikia kwikwi zake kabla hajasema neno.

"Baba, mama amekufa?"

"Hajafa."

"Bibi amesema amekuwa baridi."

"Ni kweli ni baridi. Madaktari ndio wamemfanya awe baridi, ili kichwa kipone."

"Wamemweka kwenye friji?"

"Kama friji hivi. Ila anapumua."

"Na wakimtoa?"

"Wakimtoa watampasha joto polepole."

"Basi waambie wasisahau," akasema mwanangu, akarudisha simu.

Nilikwenda kumtafuta Daktari Neema. Nilimkuta anatoka kwenye upasuaji, bado amevaa kofia. Nilimwambia kwamba nyumbani kwangu watu wamekaa matanga ya mtu aliye hai. Nilidhani atakasirika. Alivua kofia, akaja nami hadi benchini, akapiga goti mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekosa. Ningekusubiri nikueleze mimi mwenyewe kabla hujamgusa. Twende wote."

Waliingia, nami nikawafuata nikabaki karibu na mlango. Daktari alitoa kipimo chake cha masikioni, akamvalisha mama mkwe, akaweka kile chuma kifuani kwa Kabula. Mama Luhende alikuwa amekunja uso. Kisha ule mkunjo ukaachia taratibu. Alisikiliza kwa muda mrefu. Sista Atu aliacha alichokuwa anafanya. Mama mkwe akainua mkono mmoja kutuzuia tusiongee, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

"Moyo unatembea," akasema mwishowe. "Polepole, kama ng'ombe aliyeshiba. Lakini unatembea."

"Sisi ndio tumeupunguza mwendo," daktari akamwambia. "Tutaurudisha."

Mama mkwe alitoka nje akampigia Luhende tena. Safari hii hakulia, alifoka. Baadaye Yustina aliniambia kwamba turubai lilifunguliwa palepale, na wamama waliokuja na unga wa msiba wakapika uji, wakala, wakasali rozari ya mgonjwa badala ya ya marehemu. Mama Luhende alikuja akakaa kwenye benchi, kando yangu kabisa. Nikasogea kumpisha, kama desturi. Akasema, "Acha kusogea, mkwe. Benchi lenyewe fupi."

Niliambiwa kwamba kupoza si kugumu kama kupasha joto. Ukimrudisha mtu haraka, uvimbe unaweza kurudi kwa hasira. Kwa hiyo walimpandisha kidogokidogo, kidogo leo, kidogo kesho, na kila walipopandisha sisi huku nje tulikuwa kama watu wanaopita kwenye daraja la miti. Kuna wakati waliona dalili mbaya, wakasimama, wakaongeza dawa, wakasubiri. Kifua nacho kikashambuliwa kama daktari alivyotahadharisha. Kabula, ambaye nilimwona wa baridi, sasa akawaka homa. Sista Atu alimgeuza na kumpigapiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, makohozi yakavutwa kwa mpira, na dawa zikabadilishwa. Wakati huohuo mtoto wa yule mama wa Tukuyu alifariki. Yeye pia alikuwa amepozwa. Lazima niliseme hili, kwa sababu ningelificha ningekuwa nakudanganya wewe unayesoma. Mama yule alikusanya vitu vyake, akaniona nimeshika blanketi kumrudishia, akalisukuma kifuani kwangu. "Wako bado anapigana," akasema. Mama mkwe alimsindikiza hadi getini, wamekumbatiana, mmoja analia Kinyakyusa na mwingine Kisukuma.

Homa ilishuka. Wakapunguza dawa za usingizi. Tukaambiwa sasa ni kusubiri, na kusubiri kule ndiko kulikonichosha kuliko kote, kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kulaumu. Mashine ya baridi imeondoka, dawa zimepungua, joto lake ni kama langu, na bado halali wala haamki. Alifumbua macho lakini hayakumshika mtu. Alikunja vidole vya kushoto, vya kulia vikabaki vimelala.

Asubuhi moja mama mkwe alikuwa anampaka mafuta miguuni, mimi namlowesha midomo kwa pamba. Midomo ikacheza. Mwanzo tulidhani anakohoa.

"Mayu," akasema. "Minzi."

Hata mimi niliyajua hayo. Mama, maji. Mama mkwe aliachia chupa ya mafuta ikamwagika sakafuni, akapiga kigelegele kimoja kifupi mpaka Sista Atu akaja mbio kumnyamazisha, kisha Sista mwenyewe akashindwa kujizuia akacheka.

Niliinama mbele ya macho yake. "Kabula. Ni mimi Paskali."

Alinitazama. Alinijua, hilo nililiona, maana macho yalijaa machozi. Akafungua mdomo akasema maneno mengi, ya kukatika, na sikuelewa hata moja. Nilimjibu kwa Kiswahili, akakunja uso kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Kiswahili kilikuwa kimetoka. Lugha tuliyochumbiana nayo, tuliyogombana nayo na kumlelea Agnesi, haikuwepo. Alibaki na Kisukuma cha utotoni.

Daktari Neema alisema hutokea kwa baadhi ya watu. Kinaweza kurudi chote, kinaweza kurudi nusu. "Mzungumzishe kila siku, hata asipojibu. Na yule mama hapo ni dawa yako nyingine. Mtumie."

Basi fikiria hali yangu. Kuongea na mke wangu ilinibidi nipitie kwa mtu ambaye mila inanikataza hata kumtazama machoni. Siku ya kwanza nilisimama upande mmoja wa kitanda, mama mkwe upande wa pili, Kabula katikati na kilemba cheupe cha bandeji. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilitaka kumwambia jinsi nilivyoogopa. Nitayasemaje mbele ya mama yake?

"Mama, mwambie nipo," nikasema.

Mama Luhende akamgeukia mwanawe, akaanza. Aliongea, akaongea, akanionyesha kwa kidevu, akaonyesha nje kwenye benchi, akashika kifua chake. Kabula alilia, akanyoosha mkono wa kushoto akashika kidole changu.

Tulipotoka nikauliza, "Mama, mimi nilisema maneno mawili tu."

"Nilimwambia uliyotaka kusema," akajibu, akafunga shuka lake vizuri.

Tulirudi Mpanda na mama mkwe, aliyekuja kukaa nasi, kiangazi kimeshika kweli, majani yamechomwa, vumbi hadi kwenye maji ya kunywa. Watu walijaa uwanjani kumwona mtu aliyefungiwa turubai akarudi. Wengine walimgusa mikono kuhakikisha ni ya moto. Alichoka haraka, akafunga macho, mama mkwe akawafukuza wote kwa heshima.

Ndugu wa wagonjwa wanatarajia kwamba siku ya kurudi nyumbani ndiyo mwisho. Kwetu ndiyo kazi ilianza. Kabula hakuwa Kabula wa zamani. Alikuwa amekonda mpaka bangili zinadondoka. Mguu wa kulia aliuburuta, mkono ulikuwa mzito. Pua yake haikusikia harufu, alisimama kando ya moshi asijue chakula kinaungua. Na hasira. Mwanamke ambaye alikuwa anaswaga maksai kwa sauti ya chini sasa alirusha kikombe kwa sababu kijiko kimelia kwenye sahani. Siku hiyo kikombe kilipita karibu na sikio la Agnesi. Mtoto alikimbilia kwa Yustina akakataa kurudi.

"Yule si mama," aliniambia. "Mama haongei hivyo, na mama hapigi."

Nilimwambia kichwa cha mama kina kidonda, na kidonda kikiguswa mtu anafoka. Tukapunguza kelele nyumbani, redio tukaizima, wageni wakaja mmojammoja. Agnesi alirudi kwa masharti yake: alale kwa bibi. Huko kitandani kwa bibi ndiko alikojifunza Kisukuma, haraka kuliko mimi. Baada ya muda nikawakuta yeye na mama yake wamekaa kwenye mkeka wanatajiana vitu. Agnesi anashika sufuria, mama anasema jina la Kisukuma, Agnesi anasema la Kiswahili, mama anarudia. Anakosea, wanacheka. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali ya Mpanda alituonyesha jinsi ya kunyoosha vidole na kupanda ngazi, lakini mwalimu wa lugha alikuwa yule wa darasa la pili.

Kiswahili kilirudi vipandevipande, na hakikurudi kwa mpangilio. Majina ya vyakula yalitangulia. Matusi nayo hayakuchelewa. Jina langu lilichelewa, aliniita "huyu" kwa muda mrefu, nikazoea kuwa huyu. Mimi nami nikajifunza. Nilimwamkia mama mkwe "mwangaluka" kila asubuhi, akawa anasahihisha matamshi yangu huku anakamua ng'ombe. Tulikula sahani moja, mbele ya majirani. Wazee wa kwao walisikia, wakauliza. Mama Luhende aliwajibu kwamba mila ilibaki kwenye basi siku ile ya Mbeya na hajaenda kuifuata.

Sasa naandika mavuno mengine yakiwa yamepita. Tumekwenda Mbeya kuangaliwa mara kadhaa, na safari ya mwisho Daktari Neema alimwambia Kabula atembee ukumbini, akasimama anamtazama amekunja mikono, hasemi kitu, anatabasamu tu. Kabula anaburuta mguu akichoka. Harufu haijarudi. Kichwa kinamuuma jua likiwa kali, na anakunywa vidonge vya kuzuia degedege. Hakumbuki ajali, hakumbuki hospitali. Nikimweleza habari ya baridi anajishika mikono kama anataka kuhakikisha.

Kwako uliye kwenye benchi, nina machache. Uliza. Ukiambiwa mgonjwa atapozwa, uliza atakuwaje ukimgusa, na uwaambie ndugu wote kabla hawajaingia, hasa wazee, kwa maneno ya wazi, usione haya kama mimi. Usiahidi watu wa nyumbani kitu ambacho daktari hakukuahidi. Kula. Mruhusu mtu akupe blanketi. Mgonjwa akiamka tofauti na ulivyomjua, mpe muda, na ujipe wewe muda pia, kwa sababu utamkumbuka yule wa zamani ilhali huyu yuko mbele yako anataka chai. Sijui kama ni baridi, au dawa, au vyote viwili, au Mungu kupitia hivyo vyote, vilivyomrudisha Kabula wangu. Madaktari wenyewe hawajui kwa uhakika. Najua tu kwamba walijaribu kwa uangalifu, na hawakutudanganya.

Nimalizie na siku mama mkwe alipoondoka. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, Luhende amempigia kwamba ng'ombe wanazaa na nyumba imekaa bila mwenyewe. Asubuhi alifunga shuka lake, akambariki Agnesi, akaongea na Kabula kwa Kisukuma pembeni. Kisha akaja kwangu akanyoosha mkono. Nikaushika. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kushikana mikono.

"Sasa mtaongea wenyewe," akasema.

Jioni tulikaa watatu kwenye mkeka. Nilikuwa nimepika mimi, ugali na maharage, na nilikuwa naogopa kuliko ninavyoweza kueleza. Maneno ya Kiswahili aliyokuwa nayo Kabula yalikuwa bado machache, ya kwangu ya Kisukuma machache zaidi, na mtu aliyekuwa anayaunganisha amepanda basi. Mvua inapiga bati. Kabula alitafuna, akaacha kutafuna, akaniangalia. Niliona anatafuta. Midomo ilijaribu, ikaacha, ikajaribu tena. Agnesi alifungua mdomo kumsaidia, nikamwashiria angoje.

"Paskali," mke wangu akasema. Jina langu, zima. "Maharage yako... hayajaiva."

Agnesi aliangua kicheko mpaka akapaliwa. Kabula naye akacheka, upande mmoja wa mdomo ukiwa umechelewa kidogo kuufuata wa pili. Mimi nilichukua sufuria nikairudisha jikoni, nikachochea moto, na nilikaa pale kwenye moshi mpaka yakaiva.